Shimo la Madoa Lilipotembea Kwenye Kioo

"Shimo likishaingia ardhini, nani anajua limekwenda wapi?"

Swali hilo niliulizwa asubuhi yangu ya kwanza kazini, mjini Shinyanga, kabla hata sijaonyeshwa pa kuweka mkoba. Aliyeniuliza alikuwa Mkuu wa Ramani, mama wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Suzi. Nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya hisabati na kompyuta, na nilidhani hakuna swali la mistari litakalonishinda. Nikajibu haraka, "Linakwenda chini, mama."

Wachoraji wawili waliokuwa mle ndani waliangua kicheko. "Ungeanza na shikamoo, dada," mmoja akasema. "Jibu kama hilo linahitaji kusindikizwa." Mama Suzi hakucheka. Alivuta kiti akakielekeza kwangu. "Kaa hapo, Kabula. Siku ukilijua jibu, uje uniambie na mimi."

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi na mafao. Mimi sijafika hata miaka thelathini na mitano. Lakini kazi niliyoifanya imekwisha: kambi ilifungwa, mitambo ikahamishwa, na programu nilizoziandika zimepitwa na nyingine. Katika fani ya kompyuta mtu huzeeka upesi kama betri ya simu. Wanafunzi ninaowafundisha sasa huniambia "Shikamoo, mstaafu," nami naitikia marahaba bila aibu. Nawaandikia wao, na wenzao wanaodhani kuchora mistari kwenye kompyuta ni mchezo wa watu wasio na kazi.

Ofisi yetu ilikuwa ya kampuni ya kutafuta dhahabu. Kutafuta dhahabu kwa njia ya kitaalamu si kuchimba, ni kuchoronga. Mtambo unawekwa juu ya ardhi, unainamishwa, kisha fimbo za chuma zilizo wazi katikati kama mabomba zinaunganishwa moja baada ya nyingine na kuzungushwa hadi zipenye mwamba. Kinachotoka ndani ya fimbo ni nguzo nyembamba ya mawe, ambayo hupangwa kwenye masanduku ili wanajiolojia waisome. Ukipata dhahabu kwenye jiwe, unataka kujua jambo moja tu: jiwe hili lilikuwa wapi?

Hapo ndipo swali la Mama Suzi lilipouma. Shimo refu haliendi sawa. Fimbo zikizunguka zinavutwa na uzito, zinasukumwa na mwamba mgumu, na shimo linapinda polepole bila mtu wa juu kuona. Kwa hiyo kila baada ya hatua fulani kifaa kiliteremshwa shimoni kikasoma mambo mawili. La kwanza ni mwinamo, yaani shimo limelala au limesimama kiasi gani. La pili ni mwelekeo, yaani limeelekea upande gani kutoka kaskazini, na hilo lilisomwa kwa dira ya sumaku.

Vipimo vikija ofisini, wachoraji walivijumlisha kupata mahali shimo lilipoishia, kisha wakavuta mstari mmoja ulionyooka kutoka mdomo wa shimo hadi mwisho wake. Nikauliza kwa nini hawavichori vipimo vya katikati.

"Ndivyo tunavyochora," mchoraji alinijibu.

"Lakini shimo limepinda."

"Karatasi haijalalamika."

Nikampelekea Mama Suzi swali lile lile. Alinitazama juu ya miwani. "Wewe mtoto, huwezi kupewa chai bila kuuliza maziwa yametoka kwa ng'ombe yupi?"

"Kama maziwa yameganda, mama, nitauliza."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Haya, wewe chora unavyojua. Lakini ukimaliza kazi yangu kwanza."

Nilichojua ni Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Chuoni nilikuwa nimeitumia kuchora mistari ya pande tatu iliyozunguka kama springi ya kalamu, na sikuwahi kujiuliza inamsaidia nani. Sasa nilikuwa na mistari yenye mwenyewe. Kwa kila shimo nilitengeneza safu tatu za namba: umbali kwenda mashariki, umbali kwenda kaskazini, na kina. Kati ya kipimo kimoja na kinachofuata sikuvuta mstari ulionyooka. Nilichukua kipande cha tao, kwa sababu chuma hupinda kama upinde, hakipindi kama kiwiko. Ukijumlisha vipande vyote, shimo linatokea mbele yako likielea kwenye kioo cha kompyuta.

Lakini mchoro uliotulia una hila. Mstari wa pande tatu ukibanwa kwenye kioo bapa, upande mmoja unakufa. Ukiutazama kutoka juu unaona hivi, ukiutazama kutoka ubavuni unaona vile, na kila picha inaapa kuwa yenyewe ndiyo ya kweli. Dawa ni kuuhuisha mchoro: kuufanya utembee. Unaandika kitanzi, yaani amri inayojirudia, na kila mzunguko wake unatoa fremu moja, yaani picha moja iliyotulia. Katika kila fremu nukta nyekundu inasogea kidogo kushuka shimoni, ikiacha mkia nyuma yake, huku jicho la mtazamaji likizunguka mchoro taratibu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

Nawapa mambo mawili niliyojifunza kwa jasho. Msifute mchoro mzima na kuuchora upya kila fremu, kompyuta itakohoa. Shikeni mstari ule ule, mbadilishe namba zake tu. Na mipaka ya mihimili yote mitatu, yaani mashariki, kaskazini na kina, iwekeni tangu mwanzo, kwa kipimo kilicho sawa. Mkiiachia programu iamue yenyewe, itavuta mhimili mmoja na kubana mwingine katika kila fremu, na shimo litaonekana linapumua. Mwamba haupumui.

Mama Suzi alipoona shimo la kwanza likitembea, alisimama nyuma yangu na kikombe mkononi mpaka lilipofika mwisho. "Hebu tena," akasema. Likatembea tena. Kesho yake alinipangia kwenda kambini. "Huku unawafurahisha wachoraji. Nenda ukawasumbue wanaochoronga."

Kambi ilikuwa porini kupita Masumbwe, na bidhaa zetu zilitoka Runzewe kwa gari la kambi. Nilipelekwa chini ya Mkuu wa Jiolojia, mtu msafi, mwenye kalamu nne mfukoni, aliyesoma nje na hakupenda mtu asahau. Nilimwonyesha mashimo yangu yakitembea. Alitazama kwa adabu mpaka mwisho.

"Katuni nzuri," akasema. "Watoto wangu wangeipenda."

"Inaonyesha shimo lilivyopita, mkuu."

"Ninachohitaji ni lilipoishia, Kabula. Mchoro wa ofisi unanipa hilo."

Mtu wa pili mkubwa pale alikuwa Fundi Masalu, mchorongaji mkuu. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na alijisifu kuanzia chai ya asubuhi. Kikosi chake hakikutaja mashimo kwa namba za ofisi. Kila shimo lilipewa jina la ng'ombe kulingana na tabia yake: Mvivu lilikuwa kwenye udongo laini, Pembe Moja lilivunja fimbo, na Madoa lilitoa mawe yenye madoa na michirizi. Nilipofika mara ya kwanza nikiwa na kompyuta kifuani, Masalu alipaza sauti kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu! Umetuletea sinema?"

"Nimekuletea mashimo yako, Fundi."

"Yangu yote yamenyooka. Usiyapige picha kwa upande mbaya."

Miezi ilipita kwa utani huo, mpaka Madoa lilipoleta msiba. Shimo hilo lilikuwa limetoa dhahabu safi, ya kumfanya hata Mkuu wa Jiolojia apige mluzi. Lakini kwenye mchoro wa ofisi mwisho wake ulikuwa umekwenda mashariki, mbali na mstari wa mashimo jirani. Mkuu akaagiza mashimo mapya kulifuata jiwe lile huko mashariki. Yakachorongwa. Yakatoa mawe makavu, matupu.

Basi akatafutwa mwenye kosa. Mkuu alisema Masalu alilazimisha mtambo. Kulazimisha maana yake ni kukandamiza fimbo kwa nguvu kupita kiasi ili kazi iende mbio. Shimo likifanyiwa hivyo hupinda, na hata dhahabu ikipatikana hakuna anayejua iliko. Habari ikafika kwa Mkurugenzi wa Utafiti, Mwanza. Akatuma neno kwamba atakuja mwenyewe, na kwamba Masalu na kikosi chake wasifanye kazi nyingine mpaka afike. Kila mtu alielewa. Kibarua chao kilikuwa kimeanza kuota nyasi.

Nilimkuta Masalu ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtambo umezimwa nyuma yake. Nilimuuliza moja kwa moja kama alilazimisha.

"Haki ya Mungu, Kabula, sikulazimisha!"

"Sikuulizi kwa ubaya, Fundi."

"Unaniuliza kwa uzuri gani? Nimeapa."

Kiapo chake hakikunitosha. Masalu alikuwa mtu wa kujisifu, na mtu wa kujisifu hakubali kuwa shimo lake limepinda. Lakini maneno ya Mkuu nayo hayakunitosha, kwa kuwa hakuwahi kutazama chochote ila mstari mmoja ulionyooka wenye ncha mbili. Nikachukua vipimo vyote vya Madoa, pamoja na vile vya katikati ambavyo ofisi haikuvichora, nikaviingiza kwenye programu, nikaiachia nukta nyekundu ishuke.

Ilishuka vizuri. Ikashuka tena. Kisha, katikati ya shimo, ikaruka. Haikupinda; ilikata kona kuelekea mashariki kama pikipiki inayokwepa mbuzi, ikaenda hivyo kwa kitambo, halafu ikakata kona nyingine ikarudi kwenye mwelekeo wake wa mwanzo, utadhani hakuna kilichotokea. Nilipunguza mwendo. Nilizungusha jicho upande wa pili. Kona zilikuwa pale pale. Kwenye mchoro wa ofisi zilikuwa zimemezwa na mstari mmoja, na shimo lilionekana limekwenda kombo tangu mdomoni.

Nilibeba kompyuta mpaka kwa kikosi. "Fimbo zenu zinaweza kukata kona hivi?"

Kijana mmoja wa mtambo aliinama kutazama, akacheka. "Labda ziwe za ugali."

Masalu aliifuata kona ile kwa kidole. Kisha akasema, "Hapo ingevunjika kama muwa. Na fimbo ya Madoa haikuvunjika."

Kwa hiyo shimo halikupita pale. Mwinamo ulikuwa sawa tangu juu hadi chini. Kilichoruka ni mwelekeo peke yake, na mwelekeo ulisomwa na dira. Nikaenda kwenye kibanda cha masanduku ya mawe, nikatafuta mawe ya kina kile kile. Yalikuwa meusi na mekundu, michirizi juu ya michirizi, mazito kuliko ukubwa wake. Ndiyo yaliyolipa shimo jina la Madoa. Nilifungua dira ya simu yangu, nikaiteremsha taratibu juu ya sanduku. Sindano ikazunguka kuliko hata nilivyotarajia. Nikaiinua, ikarudi kaskazini. Nikaishusha, ikaondoka tena.

Nilipiga kelele peke yangu mle kibandani. Sioni haya kusema.

Mwamba wa chuma! Ukanda wetu umejaa mwamba huo, na dhahabu inapenda kukaa jirani nao. Dira ilipopita katikati yake, ilivutwa, ikaandika mashariki pasipokuwa na mashariki. Nikamkimbilia Mkuu wa Jiolojia.

"Kila mwanajiolojia anajua kuwa chuma kinavuta dira," akasema bila kuinua kichwa.

"Basi kwa nini hakimo kwenye mchoro, mkuu?"

Akainua kichwa. Hapo ndipo ugonjwa wa kambi yetu ulipokuwa. Aliyesoma mawe alikuwa na meza yake, aliyepokea vipimo vya dira alikuwa na meza yake, na kati ya meza hizo mbili hakuna aliyewahi kutembea. Kila mmoja alijua nusu yake vizuri sana.

"Mkurugenzi anafika keshokutwa," Mkuu akasema. "Usilete katuni kwenye kikao changu."

"Nitaileta, mkuu. Ukinifukuza, nifukuze baada ya kikao."

Nilirudi kwenye programu, nikaipa kitu kipya: rangi. Nukta ikipita kwenye udongo mkia wake uwe wa kahawia, kwenye jiwe la kawaida uwe wa kijivu, kwenye mwamba wa chuma uwe mweusi. Kisha nikaongeza mstari wa pili, wa kijani. Huo ulipuuza dira ndani ya mwamba wa chuma, ukaendelea kwa kupinda polepole kama chuma kinavyopinda. Huo ulikuwa utabiri wangu wa njia ya kweli, na ulikwenda kuishia katikati ya mashimo jirani.

Kikao kilifanyika bwaloni, chini ya televisheni tuliyotazamia mpira. Niliomba kikosi cha Masalu kiingie. Mkurugenzi, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, akasema waingie, wanaozungumziwa wawepo. Mkuu wa Jiolojia alieleza kesi yake vizuri. Ilipofika zamu yangu nilichomeka waya, nikabonyeza.

Nukta ikashuka. Kahawia. Kijivu. Mkia ulipogeuka mweusi, ikaruka kuelekea mashariki. Weusi ulipokwisha, ikarudi.

"Rudisha," Mkurugenzi akasema.

Nikarudisha.

"Polepole. Na uzungushe."

Nikazungusha. Kwa kila upande, kona iliangukia pale pale weusi ulipoanzia na ulipoishia. Kutoka nyuma nikasikia kijana wa mtambo akimnong'oneza mwenzake, "Umeona? Inaruka kama imekanyaga siafu."

"Hii ni picha tu," Mkuu wa Jiolojia akasema. "Picha haipimi."

"Ni kweli," nikajibu. "Kwa hiyo naomba tupime upya, kwa kifaa kisichotumia sumaku." Kifaa hicho kilikuwapo, kina kitu kinachozunguka ndani yake na kushika mwelekeo bila kuvutwa na chuma cha mwamba, na wachorongaji walikiita jairo. Kukileta kulikuwa na gharama, ndiyo maana hakikuwahi kuletwa. Nikauelekeza mkono kwenye mstari wa kijani. "Jairo ikisoma tofauti na mstari huu, nitasema mbele ya watu wote hawa kuwa Fundi alilazimisha."

Masalu alinitazama kama mtu aliyesukumwa mtoni. Mkurugenzi akafunga kalamu yake. "Leteni jairo."

Ilikuja kutoka Mwanza. Siku ya kuiteremsha ndani ya Madoa, kambi nzima ilikuwa kando ya shimo, mpaka mpishi na mwiko wake. Vipimo vilipotoka, niliviingiza pale pale kwenye boneti ya gari, na nilimwomba Mkuu wa Jiolojia mwenyewe abonyeze. Nukta ya buluu ikaanza safari. Ikafika kwenye weusi. Ikapita. Haikuruka. Ikaendelea kushuka juu ya mstari wa kijani, ikiufunika kidogo kidogo, mpaka mistari yote miwili ikawa mmoja, na ikasimama katikati ya majirani zake.

Kelele iliyopigwa pale sijawahi kuisikia hata kwenye fainali. Vijana walimbeba Masalu, wakamwangusha, wakambeba tena. Yeye alinijia akiwa na vumbi mgongoni, akanishika mikono yote miwili akinishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana, mayu! Wabeja sana!" Nilikuwa mdogo kuliko binti yake, na siku hiyo aliniita mayu, mama, bila utani.

Namheshimu Mkuu wa Jiolojia kwa alichofanya baadaye. Alichukua kalamu moja kati ya zile nne, akanipa. "Chora shimo linalofuata unavyotaka," akasema. Tulichoronga palipoonyeshwa na mstari wa kijani, Masalu akiwa kwenye mtambo, na mwamba wenye dhahabu ukatoka kama tulivyotarajia. Kuanzia hapo hakuna shimo lililoandikwa kuwa limekwisha mpaka litembezwe kwenye televisheni ya bwalo, mbele ya wanajiolojia na wachorongaji pamoja. Meza mbili zikawa moja. Nilimpigia simu Mama Suzi, nikamwambia sasa najua shimo linakokwenda. "Umechelewa," akasema, "lakini umefika."

Kazi ya utafiti ilipokamilika kambi ilivunjwa, nami nikaingia kufundisha. Wanafunzi huniuliza ni maktaba gani ya Python, yaani mkusanyo gani wa amri zilizokwisha kuandikwa, iliyo bora kuhuisha mistari ya pande tatu. Huwajibu kuwa itakuwa imebadilika kabla hawajapata ajira. Kisichobadilika ni kwamba namba zikikaa zimelala kwenye jedwali huwezi kuona zinapodanganya. Ziinue, zitembeze, uzizunguke. Na usimwamini anayekulaumu wala anayejitetea mpaka umewapitisha wote kwenye mstari mmoja. Wananiita mbishi. Sijakataa.

Mwaka jana nilikwenda Nkome kwa shughuli za jamaa, nikamkuta Masalu. Siku hizi ananunua dagaa, anawaanika, na bado sauti yake inafika ng'ambo. Tulikula, tukakumbushana Mvivu na Pembe Moja. Tulipofika kwa Madoa, akafuta vidole.

"Kabula, nikwambie kitu? Nililazimisha."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Fimbo ziligoma, mvua ilikuwa inakuja, na Mkuu wa Jiolojia alikuwa anataka kina kifikiwe upesi. Akaukandamiza mtambo kwa siku nzima. Aliapa mbele yangu kwa sababu vijana wake walikuwa wanamtegemea, na jairo ilipokuwa inateremshwa alikuwa amekwisha kupanga namna ya kuwaaga.

"Nilijua nimelipinda," akasema. "Nilikuwa na hakika kabisa."

Alikuwa amelikandamiza shimo lile kwa nguvu zake zote, na shimo halikupinda.